Nasaba Isiyoandikwa: Susanna Moodie, Mary Prince na Mipaka ya Historia ya Familia

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna historia ya familia ya Susanna Moodie (1803–1885), mwandishi Mwingereza aliyehamia Kanada mwaka 1832, inavyofuatiliwa. Hoja inayojengwa ni kwamba ufuatiliaji huo, pamoja na wingi wa nyaraka zake, umejifunga ndani ya damu na ndoa. Kwa sababu hiyo umeusukuma pembeni uhusiano mmoja usio wa damu ambao bila huo uandishi wa Moodie haueleweki vizuri, yaani kazi aliyoifanya mwaka 1831 ya kuandika simulizi ya Mary Prince, mwanamke aliyezaliwa utumwani Bermuda. Matini zinazosomwa ni The History of Mary Prince (1831), Roughing It in the Bush (1852) na Flora Lyndsay (1854).

1. Utangulizi

Tarehe 30 Agosti 1832, meli iitwayo Anne, iliyotoka Leith nchini Uskoti, ilitia nanga mbele ya kisiwa cha Grosse Île katika mto St. Lawrence. Kipindupindu kilikuwa kimepamba moto, na kisiwa hicho kilikuwa kituo cha karantini. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwanamke wa miaka 28, mumewe, na mtoto wao wa kike aliyekuwa hajatimiza mwaka.

Mtafiti anayelisaka jina la mwanamke huyo katika orodha za abiria hafiki mbali, kwa kuwa orodha za waliowasili Quebec hazikuhifadhiwa kwa utaratibu kabla ya mwaka 1865. Tarehe iliyotajwa hapo juu inatoka katika sentensi ya kwanza ya Roughing It in the Bush, kitabu ambacho mwanamke huyo mwenyewe, Susanna Moodie, alikichapisha London miaka 20 baadaye. Nchini Uingereza hali si tofauti sana. Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Julai 1837, na sensa ya kwanza iliyohifadhi majina ya watu kwa upana ni ya 1841. Wakati huo Moodie alikuwa tayari Belleville, ng'ambo ya Atlantiki. Kwa miaka ya kabla ya hapo mfuatiliaji hutegemea vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, barua, na maandishi ya wahusika wenyewe. Ni kusema kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wa familia hii ni matini, na anayeifuatilia hana budi kuwa mhakiki hata kama hakukusudia.

Uhakiki huo umeanzia wapi? Mara nyingi umeanzia gatini. Kitabu cha Moodie chenyewe kinafunguka Grosse Île. Margaret Atwood, katika diwani yake The Journals of Susanna Moodie (1970), anamfungulia Moodie maisha ya kishairi pale anapoteremka Quebec. Kwa fasihi ya Kanada uamuzi huo unaeleweka: mhamiaji huzaliwa upya anapokanyaga nchi mpya. Kwa historia ya familia ni hasara, kwa kuwa unakata kitovu mahali pasipo pake. Makala haya yanarudi nyuma miezi 17 tu kabla ya meli kutia nanga, hadi katika nyumba moja ya London.

2. Reydon Hall na fahari ya nasaba

Upande wa damu umefanyiwa kazi nzuri, na hauhitaji kurudiwa kwa kirefu. Susanna alizaliwa Bungay, Suffolk, tarehe 6 Desemba 1803, akiwa binti wa mwisho kati ya mabinti sita wa Thomas Strickland na Elizabeth Homer. Baada yake walizaliwa wavulana wawili. Baba alikuwa msimamizi wa Greenland Dock, gati la Rotherhithe, London, kabla ya kuhamishia familia mashambani na kununua jumba la Reydon Hall mwaka 1808. Alifariki mwaka 1818, mali ikiwa imepungua sana, na mabinti wakageukia kalamu. Kati ya watoto wanane, sita walichapisha vitabu. Agnes na Elizabeth waliandika Lives of the Queens of England, ingawa Elizabeth alikataa jina lake lisionekane jaladani. Catharine Parr Traill na Samuel walihamia Kanada kama Susanna, na kila mmoja akaandika juu ya nchi hiyo.

Jina la Catharine Parr halikutolewa ovyo. Familia ilijinasibu na akina Strickland wa Sizergh Castle, Westmorland, na kwa njia hiyo na jamaa za Malkia Catherine Parr, mke wa mwisho wa Henry VIII. Msomaji wa Kiswahili ataitambua mbinu hii mara moja. Tarihi ya Kilwa inaupeleka ukoo wa watawala wake Shirazi, na tarihi ya Pate inawapeleka Wanabhani Arabuni. Katika matini za namna hiyo swali la iwapo dai ni la kweli huwa na uzito mdogo kuliko swali la dai linafanya kazi gani, na kwa nani. Kwa akina Strickland lilifanya kazi ya kumwondoa baba gatini. Mabinti wa msimamizi wa gati walioandika kwa ajili ya kipato waliweza kujitazama kama tawi la nyumba kongwe lililokumbwa na msukosuko. Fahari hiyo inasikika bado katika Roughing It in the Bush, pale msimulizi anapokereka kwa kuitwa kwa jina bila taadhima na majirani wanaokuja kuazima vyombo bila nia ya kuvirudisha.

Majina ya watoto wa Moodie nayo ni tarihi fupi. Agnes Dunbar amebeba jina la mama mkubwa na jina la upande wa baba. John Strickland, aliyekufa maji katika mto Moira mwaka 1844 akiwa na miaka mitano, alibeba ukoo mzima wa mama. Robert Baldwin alipewa jina la mwanasiasa wa mageuzi aliyeungwa mkono na wazazi wake. Ukiyasoma majina saba ya watoto hao kwa mpangilio, unaiona familia ikiondoka Suffolk na Orkney na kuingia katika siasa za Kanada. Mume, John Wedderburn Dunbar Moodie, alizaliwa Orkney na aliishi Afrika Kusini kwa takribani miaka kumi, akawaacha huko kaka zake Benjamin na Donald. Angependa kurudi huko; mkewe alihofia wanyama wakali, na kwa hiyo wakaenda Kanada. Laiti hofu hiyo isingekuwapo, Moodie angesomwa leo kama mwandishi wa Kiafrika wa Kiingereza, jambo ambalo wahakiki wa pande zote mbili hawajalifikiria vya kutosha.

3. Nyumba ya Pringle

Mtu aliyewakutanisha wawili hao ni Thomas Pringle, mshairi Mskoti ambaye naye alikuwa ameishi Afrika Kusini, na ambaye mwaka 1831 alikuwa katibu wa Chama cha Kupinga Utumwa. Susanna alikuwa mgeni wa nyumba yake London. Mtumishi wa nyumba hiyo alikuwa Mary Prince.

Mary alizaliwa Brackish Pond, Bermuda, yapata mwaka 1788. Mama yake alikuwa mtumwa wa nyumbani, na baba yake, aliyeitwa Prince, alikuwa mpasua mbao, mali ya bwana mwingine. Mary aliuzwa sokoni akiwa mtoto, siku moja na wadogo zake, kila mmoja kwa mnunuzi wake. Alifanya kazi katika mabwawa ya chumvi ya Turks Island, miguu ikioza kwa majichumvi, kisha akamilikiwa na John Wood wa Antigua. Mwaka 1826 alifunga ndoa na Daniel James, seremala Mweusi aliyekuwa amejinunulia uhuru. Akina Wood walimleta London mwaka 1828, akatoka nyumbani kwao, na baada ya kuhangaika akafika kwa Chama cha Kupinga Utumwa. Katika ardhi ya Uingereza hakuna aliyeweza kumshurutisha. Akirudi Antigua kwa mumewe angekuwa mtumwa tena, na Wood alikataa katakata kuuza uhuru wake.

Simulizi yake ilichapishwa mwaka 1831 na kutoka mara tatu katika mwaka huohuo. Katika dibaji Pringle anaeleza kwamba wazo lilitoka kwa Mary mwenyewe, na kwamba maneno yake yaliandikwa kutoka kinywani mwake na bibi mmoja aliyekuwa mgeni wa nyumba, kisha yakapunguzwa marudio bila kugeuza maana. Bibi huyo hatajwi kwa jina, lakini ni Susanna Strickland. Katika toleo la tatu imeambatishwa barua ya mke wa Pringle ya tarehe 28 Machi 1831, inayothibitisha makovu ya viboko mgongoni mwa Mary. Walioyatazama ni wanawake wanne, na Susanna ni mmoja wao.

Tarehe hiyo inahitaji kuwekwa kando ya nyingine. Susanna alifunga ndoa na John Moodie katika kanisa la St. Pancras tarehe 4 Aprili 1831, siku saba baadaye. Pringle ndiye aliyemkabidhi bibi harusi. Mary alihudhuria akiwa na nguo mpya alizojinunulia, akakaa mbele ya gari la farasi pembeni ya dereva. Haya yanajulikana kwa sababu Susanna aliyaandika katika barua kwa marafiki siku chache baadaye, kwa sauti ya uchangamfu, bila kutaja alichokiona wiki iliyotangulia. Katika mti wa familia, 4 Aprili 1831 ni tarehe yenye nuru kuliko zote: hapo Strickland anakutana na Moodie na matawi saba yanachipuka. Tarehe 28 Machi haina pa kukaa katika mti huo.

Kiswahili kina msamiati wa undugu usio wa damu. Kuna undugu wa kunyonya, na kuna undugu wa chale, uliofungwa kwa kuchanjana na kulambishana damu. Kishawishi cha kuyaleta maneno haya hapa ni kikubwa, na kinafaa kukataliwa. Chale hupigwa pande mbili kwa hiari. Makovu ya Mary yalikuwa mgongo mmoja, na yalitazamwa na watu ambao baadaye walikunywa chai aliyoiandaa yeye. Mary alikuwa mtumishi, Susanna mgeni. Lakini kuukataa undugu si kuukana uhusiano. Tatizo la historia za familia zilizopo ni kwamba zikikosa neno la uhusiano, hukosa uhusiano wenyewe. Kitabu cha Charlotte Gray, Sisters in the Wilderness (1999), ambacho kwa usimulizi ni miongoni mwa bora, kimejengwa juu ya Susanna na Catharine; kipimo chake kinatangazwa na jalada, nacho ni tumbo moja. Gillian Whitlock (2000) ndiye aliyewasoma Prince na Strickland pamoja kama swali la uandishi wa maisha, na makala haya yanamfuata hadi hapo. Anapowatazama ndani ya mahusiano ya himaya, makala haya yanalileta swali nyumbani, ndani ya ukoo.

4. Herufi mbili

Ndani ya simulizi ya Mary mna mahali anapomtaja mwandikaji wake. Anawaambia wasomaji kwamba anasema ukweli, na kwamba rafiki yake mwema, Miss S—, ndiye anayeandika. Jina limekatwa likabaki herufi.

Mwaka 1854 Moodie alichapisha Flora Lyndsay, riwaya inayofuata kwa karibu safari yake ya kuhama. Flora anakutana na Bi. Dalton, mwanamke anayeutetea utumwa wa visiwa vya Karibiani. Katika mabishano yao unatajwa mkasa wa Mary P—. Bi. Dalton anaudharau kama uzushi. Flora anajibu kwamba anajua ni kweli kwa kuwa ameuandika yeye mwenyewe kutoka kinywani mwa mwanamke huyo. Kwa hiyo kila mmoja amebaki herufi moja katika kitabu cha mwenzake.

Herufi hizo hazina uzito sawa. Ya kwanza ilimlinda Susanna. Mwaka huohuo wa 1831 aliweka jina la Strickland waziwazi juu ya simulizi nyingine aliyoiandika kutoka kwa mtu aliyekuwa mtumwa, Ashton Warner wa St. Vincent. Haikuwa aibu ya kushiriki, basi. Yamkini ilikuwa tahadhari, kwa kuwa Mary alikuwa na mumiliki aliye hai, tajiri na mwenye hasira. Herufi ya pili haikumlinda mtu. Utumwa ulikuwa umekomeshwa katika makoloni ya Uingereza tangu tarehe 1 Agosti 1834, na kesi zilizotokana na kitabu zilikuwa zimekwisha. Moodie angeweza kuandika jina zima. Badala yake aliweka ungamo lake katika kinywa cha mhusika wa kubuni, miaka 23 baadaye. Ni nusu ya ungamo, na mhakiki anaweza kuudhika nalo. Hata hivyo ni ushahidi wa thamani, kwa kuwa unaonyesha kwamba jambo hilo halikumtoka.

5. Kusikia na kuandika msituni

Athari ya kazi ya 1831 haipatikani kwa kutafuta jina la Mary katika Roughing It in the Bush. Inapatikana katika namna kitabu kinavyoundwa. Kitabu hicho, kinachojulikana kama kumbukumbu ya mtu mmoja, kimejaa vinywa vya wengine: majirani, vibarua, watumishi wa Kiairishi, wote wakisema kwa lafudhi zao na mara nyingi wakimshinda msimulizi kwa hoja. Mwandishi aliyelelewa juu ya hadithi za wafalme alijifunza mahali fulani kunyamaza na kuandika anachoambiwa.

Sura iitwayo "The Charivari" ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uchungu zaidi. Sharivari ni desturi ya vijana kuizingira usiku nyumba ya maharusi wasiolingana kwa umri au hali, wakigonga masufuria mpaka walipwe fedha ya pombe. Jirani mmoja anamsimulia Moodie kisa cha Tom Smith, kinyozi Mweusi aliyemwoa mwanamke wa Kiairishi. Vijana walimtoa kitandani karibu uchi katika baridi kali wakamtesa, naye akafa mikononi mwao. Jirani anaelezea desturi hiyo kama mtu aliyeizoea, msimulizi anashtuka. Kisha sura inaendelea na mambo mengine, na Tom Smith harejei.

Muundo huo ni uleule wa nyumba ya Pringle: mwanamke mmoja anasema, mwingine anaandika, na kati yao umelala mwili wa Mweusi ulioteswa. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeteswa hasemi. Mary alikuwa ameeleza mwenyewe. Tom anaelezwa na mtu aliyesikia. Ni vigumu kuisoma sura hii, baada ya kuijua ile barua ya makovu, bila kuhisi kwamba Moodie anajua jinsi ya kukisimulia kisa cha namna hii na amechagua kutofika mwisho.

6. Majina manne na hifadhi moja

Karatasi za Moodie zimetunzwa. Barua zake zilihaririwa na Ballstadt, Hopkins na Peterman (1985), na wahariri hao wakatoa baadaye barua alizoandikiana na mumewe (1993). Mkusanyiko mkubwa wa familia uko katika maktaba na hifadhi ya taifa ya Kanada, Ottawa.

Anayemfuatilia Mary kwa zana hizohizo anakwama katika hatua ya kwanza: atafute jina gani? Prince ni jina la baba yake. James ni la mumewe. Ombi lililopelekwa kwa niaba yake Bungeni mwaka 1829 linamtaja kama Mary Prince au James, aitwaye kwa kawaida Molly Wood, na Wood ni jina la mumiliki. Kitabu cha 1831 kinaeleza pia kwamba mabwana zake walimpa jina la Mary Princess of Wales, kwa dhihaka iliyo wazi. Majina saba ya watoto wa Moodie yanamfungulia mfuatiliaji milango. Majina manne ya Mary yanaifunga, kwa kuwa mawili kati yake ni alama za umiliki.

Wasomi wa Kiswahili wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa ukaribu. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha Kiungani, mkusanyiko wa masimulizi ya wavulana wa shule za misheni ya Zanzibar, wengi wao waliokolewa kutoka utumwani. Jalada lina jina la mtafsiri na mhariri. Waandishi wanaitwa "wavulana". Masimulizi hayo yamekuwa yakisomwa kama chanzo cha historia ya biashara ya watumwa, na ni sawa. Usomaji unaopendekezwa hapa ungeuliza pia mhariri alijifunza nini kwa kuyasikia, na yameacha alama gani katika kamusi na tafsiri zilizombebea jina.

Mary alionekana mahakamani London mwaka 1833, katika kesi ambayo Wood alimshtaki Pringle kwa kumkashifu. Alieleza chini ya kiapo maisha aliyoyapitia, na alipozungumzia kitabu chake alisema kwamba kiliandikwa na Miss Strickland. Pale ambapo kitabu kilikuwa kimeweka herufi, yeye alitamka jina zima mbele ya hadhara, na magazeti yakaliandika. Baada ya siku hiyo hakuna kumbukumbu ya hakika ya mahali alipokwenda, wala kama alimwona tena Daniel James. Miss Strickland naye wakati huo alikuwa Bi. Moodie kwa karibu miaka miwili, katika shamba karibu na Cobourg, akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Mtoto huyo, Agnes Dunbar, alizaliwa Juni ya mwaka huo, na ndiye ambaye baadaye alichora picha za Canadian Wild Flowers (1868), kitabu ambacho maelezo yake yaliandikwa na mama yake mkubwa Catharine.